Sui-lian na Mitungi ya Ndugu Wema

Boti ikirudi kijijini Lam-au na kitambaa chekundu mlingotini, watu wote pale gatini waligeuka wakajifanya wana kazi. Huyu amekumbuka kamba iliyolegea, yule ameinama kuchagua ngisi aliokwisha kuwachagua. Kitambaa chekundu maana yake wavu umepandisha mfupa wa mtu. Aliyeteremka kuupokea alikuwa mmoja tu, Sui-lian, mjane wa miaka thelathini na kitu, na mwavuli mweusi ameufungua ingawa hakuna jua wala mvua.

"Nani leo?" aliwauliza wavuvi, kana kwamba wangejua.

"Ndugu mmoja, dada. Paja na taya."

"Mmemwambia anakokwenda?"

"Tumemwambia twende nyumbani. Na sigara tumempa."

Aliipokea kwa mikono miwili akaikinga kwa mwavuli, maana mifupa ya aliyekufa maji haipigwi na jua kabla haijapata pa kukaa. Kisha akapanda nayo njia ya mawe huku akiizungumzisha: hapa kuna ngazi, hapa pana upepo, tumekaribia. Milango ilifungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Watu wetu ni wakarimu sana kwa wafu, mradi wafu wenyewe wafikie kwa jirani.

Juu ya kijiji kilikuwapo kibanda cha mawe ya matumbawe, mlango wake wa kuinamia, na ndani rafu za mitungi. Humo walikaa wale tunaowaita Ndugu Wema. Si kwamba tunajua kama walikuwa wema. Tunawaita hivyo ili wasitufanyie ubaya. Sui-lian aliifuta mifupa yao kwa pombe ya mchele, akaianika kivulini, akaitia kila mmoja mtungi wake. Mwezi wa saba, wafu wasio na kwao wanapofunguliwa mlango, aliwapangia wali, nyama ya nguruwe na beseni la maji ya kunawa uso.

Wote hao walitoka katika tufani. Kwetu visiwani Penghu wazee hawataji miaka kwa tarakimu. Kuna mwaka wa Paa la Shule, ambao paa lilikutwa kisiwa cha pili likiwa zima na kengele yake inaning'inia. Kuna mwaka wa Mvua ya Chumvi, tufani ilipopita bila tone la maji matamu, ikainyanyua bahari na kuinyunyiza mashambani. Kesho yake jua likatoka, na karanga na viazi vitamu vikageuka vyeusi kama vimepitiwa na moto. Mwaka ule watu walikula majani ya viazi yaliyokaushwa, na vijana wakavuka kwenda Kaohsiung kubeba mizigo bandarini. Wengi hawakurudi kuishi tena. Na kuna mwaka wa Boti Saba.

Mwaka wa Boti Saba ndio uliomfanya Sui-lian awe alivyo. Redio ilisema tufani itapinda kuelekea kaskazini. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, anga lina umanjano wa ajabu, na boti saba zikatoka kufuata ngisi. Tufani haikupinda. Zilirudi mbili. Katika tano zilizobaki alikuwamo Tian-su, mumewe wa miezi kumi na minne, mtu mrefu mwenye utani mwingi, ambaye akila kwa watu alitosheka na kijiko kimoja kwa aibu, halafu akirudi nyumbani anamaliza sufuria.

Kijiji kilifanya kama kinavyofanya siku zote. Wake wa waliopotea walichukua mashati ya waume zao, wakayafunga kwenye mianzi, wakasimama ufukweni kuziita roho, kisha wakayazika mashati. Sui-lian alikataa.

"Mimi siziki shati," alimwambia mama mkwe wake. "Shati nililishona mwenyewe. Namtaka yeye."

"Mwanangu, bahari hairudishi kwa kuulizwa."

"Basi nitaiuliza hadi ichoke."

Hofu yake ilikuwa moja. Asiye na kaburi hana kwao, na mwezi wa saba atasimama na wageni akigombania wali wa kugawiwa. Tian-su hakuwa mtu wa kugombania. Angekaa nyuma kabisa, akawapisha wengine, akashinda na njaa mwaka hadi mwaka. Wazo hilo lilimnyima raha kuliko kifo chenyewe. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akitunza kibanda alipofariki na kazi ikakosa mtu, yeye aliiomba. Watu walishangaa. Yeye alitaka tu kila mfupa utakaopanda upitie mikononi mwake kwanza.

Na kila mtungi aliuuliza. Tuna vibao viwili vya kubashiri, vya umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine umevimba. Unauliza, unavirusha. Vikianguka kimoja bapa juu na kimoja mgongo juu, jibu ni ndiyo. Ndiyo tatu mfululizo, hapo neno limekwisha. "Wewe ni Tian-su?" aliuliza. Mtungi mmoja ulikataa papo hapo. Mwingine ulisema ndiyo moja ukanyamaza. Miaka tisa ikapita hivyo, na mitungi kumi na minane.

Lile paja na lile taya nilivyoanza navyo vilikuwa vya mtu wa kumi na tisa. Sui-lian aliuliza kwa mazoea tu, hana tamaa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Akarusha tena mara tatu kwa kutoamini. Ndiyo zote.

Alishuka kijijini mbio, mwavuli umeachwa huko juu, akipiga kelele kama msichana. Mama mkwe wake, ambaye miezi mingi hakuwa ameinuka kitandani, aliinuka akadai viatu. Walichinja nguruwe. Ngoma zikapigwa kutoka kibandani hadi makaburini, na wale wale waliokuwa wakifunga milango walikuja kula na kulia, tena kwa bidii. Mbele ya sanduku la mifupa mama mkwe alimwita mwanawe kwa jina mara tatu, taratibu, kama anavyoitwa mtoto aliyelala. Jina likachongwa kwenye jiwe. Majira ya baridi mama mkwe naye akafariki, amefurahi, akazikwa ubavuni mwa kaburi lile kama alivyoomba.

Nisingekuwa na haja ya kusimulia kama mambo yangeishia hapo.

Kiangazi kilichofuata ilipiga tufani nyingine, siku mbili mchana na usiku. Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, Sui-lian alipanda kutazama kibanda. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Hakukuwa na ndege wala mdudu, na bahari ilikuwa ya rangi ya uji. Mlango wa kibanda ulikuwa umechukuliwa pamoja na nusu ya paa, lakini mtungi hata mmoja haukuwa umesogea. Ila vifuniko vyote kumi na vinane vilikuwa vimetolewa, kila kimoja kimelala kando ya mtungi wake, kama watu waliovua kofia.

Alijiambia ni upepo. Akaanza kufuta rafu, na kama ilivyokuwa kawaida yake alisema na mumewe huku akifanya kazi. "Tian-su, ungeona mapaa ya watu leo."

Vibao vilianguka kutoka mezani. Kimoja bapa, kimoja mgongo.

Alivitazama. Hakuna kilichokuwa kimevigusa. Akaviokota, akavirusha bila kuuliza neno. Ndiyo. Akarusha tena. Ndiyo.

Akaenda mbele ya mtungi wa kwanza, ule uliomkatalia mwanzoni kabisa. "Wewe ni Tian-su?" Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu. Mtungi wa nne ulikuwa wa mwanamke. Alijua hivyo kwa sababu kitana chake kilipanda naye kwenye wavu, kimenasa nywele ndefu. "Wewe," alimuuliza kwa sauti ya kunong'ona, "wewe nawe ni Tian-su?" Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Alizunguka rafu nzima. Mitungi kumi na minane, mara hamsini na nne, na vibao havikukosea hata mara moja.

Hapo ndipo alipoelewa. Wale wafu walikuwa wameona. Ngoma zilipita mbele ya mlango wao, na nguruwe, na mama mzima akiita jina kwa mapenzi. Walimwona mwenzao anachukuliwa kupelekwa nyumbani, na walijua alikuwa amejibu nini. Sasa kila mmoja wao alikuwa Tian-su. Na kama Tian-su mwenyewe alikuwa humo, tangu zamani, kwa aibu yake ile ya kukaa nyuma, basi naye alikuwa anasema ndiyo katikati ya umati, na mkewe hana njia ya kumtofautisha.

Alimkuta shemeji yake A-seng juu ya nyumba, anapanga vigae. A-seng alikuwa mdogo wake Tian-su, na ndiye aliyepiga ngoma siku ya mazishi mpaka ngozi ikapasuka.

"Shemeji, tulimzika nani?"

"Kaka yangu."

"Nimewauliza waliobaki. Wote wamesema ndiyo. Hata yule wa kitana."

A-seng aliweka kigae chini. "Nani alikutuma uwaulize?"

"A-seng..."

"Mama yuko pale ubavuni mwake, Sui-lian! Unataka niende nikamwambie nini? Mama, sogea kidogo, huyo si wako?" Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. "Usimwambie mtu. Nguruwe tulishamla."

Hakumwambia mtu. Alivifungia vibao sandukuni na kuendelea na kazi, kufuta na kufagia na kuwasha ubani, lakini sasa akiingia kibandani alihisi anatazamwa na watu wanaosubiri zamu. Na moyo, kwa ukaidi wake, ulichagua. Mtungi wa kumi na mmoja ulikuwa na mifupa mirefu, mirefu kuliko yote. Alianza kuusalimia kabla ya mingine. Alianza kuuletea kikombe cha chai. Makaburini alikwenda kwa sababu ya mama mkwe tu.

Habari hazina mlinzi. Visiwa vingine vilisikia kwamba mifupa ya Lam-au inajibu. Siku moja adhuhuri alifika mwanamke amejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya upepo, kama wafanyavyo wanawake wetu wote, na mwavuli mweusi mpya kwapani. Alijitaja: Giok-tin, wa kisiwa cha kusini. Mwanawe Bing-tek alizama katika tufani miaka sita iliyopita. Vibao alikuja na vyake.

"Mama," Sui-lian alimwambia mlangoni, "utapata taabu bure. Hawa hawajui wanachokisema."

"Mimi nimekuwa sijui ninachokisema mwaka wa sita huu, mwanangu. Tutaelewana nao. Nipishe."

Aliingia, akatembea mbele ya rafu bila haraka, akapita wa kwanza, wa tano, wa tisa. Akasimama mbele ya wa kumi na mmoja.

"Chai ya nani hii?"

"Yake," alisema Sui-lian.

"Bing-tek alipenda chai." Mama yule alipiga magoti. "Mwanangu, ni wewe?"

Vibao vililia sakafuni mara tatu. Sui-lian hakuwa na haja ya kutazama.

Giok-tin hakulia mara moja. Alivua kitambaa usoni, polepole, na uso wake ulikuwa mdogo, umekunjamana. "Wewe umekaa nao," alisema. "Niambie ukweli, mwanangu. Ni yeye?"

"Alikuwa... alikuwa mrefu?"

"Mrefu?" Yule mama alicheka huku machozi yakianza kumtoka. "Mfupi kama mimi! Wenzake walikuwa wakimwita Kizibo."

Sui-lian aliutazama mtungi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: mama, hawa humwitikia yeyote. Angelisema hilo tu, mtungi ungebaki, na kesho angeuletea chai, na keshokutwa, mpaka yeye mwenyewe azeeke, na huyu mama angeteremka kilima mikono mitupu. Na mwezi wa saba ukifika, wa kumi na mmoja, yeyote awaye, angekaa nyuma ya wenzake.

"Ni yeye," alisema. "Mfunike. Jua ni kali."

Aliufunga mtungi kwa kitambaa mwenyewe, akamshikia yule mama mwavuli njia nzima. Gatini watu walikumbuka kazi zao. Giok-tin alitangulia kuingia botini, akageuka kupokea, na Sui-lian akainama kana kwamba anakaza fundo.

"Kama ni wewe, nenda," alinong'ona karibu na kifuniko. "Atakupikia kila siku, usimwonee aibu. Akikuita Bing-tek, itika."