Kwaya Iliyohamia Uani Kwetu

Mwezi uliopita nilikwenda kumpa hongera mfanyakazi mwenzangu aliyejifungua. Mlango ulipofunguliwa tu, harufu ya uji wa pilipili manga ikanipokea, ule uji wa mzazi wenye mdalasini na tangawizi, unaomtoa mtu jasho kabla hajafika nusu ya kikombe. Nikasimama pale kizingitini nimekumbatia zawadi yangu, miguu imegoma. Mwenyeji akadhani nahangaika na viatu, akaniambia niingie navyo tu. Ningemwelezaje kwamba tayari nilikuwa nimeshafika Morogoro, kwenye Krismasi moja ya utoto wangu?

Tulikaa upande wa Mzinga, vyumba viwili vya kupanga, milima ya Uluguru ikiwa imetuinamia kwa nyuma. Baba alikuwa fundi mitambo. Mama alikuwa mshonaji, na jioni aliimba kwaya kanisani kwetu, sauti ya pili. Wazazi wangu wote wawili walitoka Iringa, na kila mwaka, Krismasi ikishapita, tulikuwa tukipanda basi kwenda kwa bibi. Mwaka ule hatukwenda. Mama alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa karibu na sikukuu. "Safari hii Krismasi itatukuta na mtoto wetu," baba alipenda kusema, huku akijipangusa grisi mikononi. Mdogo wangu Baraka, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikwishamtengea mtoto nusu ya kitanda chetu. Nusu yenyewe ilikuwa yangu.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Mvua za Disemba zilikuwa zimeanza, na baba alimpeleka mama hospitali asubuhi, amemfunika koti lake la kazini. Waliporudi baada ya siku kadhaa, mama alishuka kwenye teksi mikono mitupu. Alipita katikati yetu kama mtu anayetembea kwenye maji, akaingia chumbani, akalala akiuelekea ukuta.

Baba akatuita nje. Akachuchumaa mbele yetu, akatafuta maneno, akapata moja tu. "Mtoto ametangulia."

"Ametangulia Iringa?" Baraka akauliza.

Baba akainuka na kwenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji. Kwa hiyo kwa siku nyingi mdogo wangu aliamini kwamba mtoto wetu yuko kwa bibi, na akawa ananung'unika kwamba si haki, mgeni kupelekwa Iringa kabla ya wenyeji.

Akina mama wa kanisani walikuja kumpa mama pole. Walikuwa watu wema, na walisema yale ambayo watu wema husema: kazi ya Mungu haina makosa, bado u kijana, utapata mwingine. Mama aliendelea kuuelekea ukuta. Ndipo akaingia Bi Zainabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mluguru wa Kinole huko milimani kunakolimwa viungo, mwanamke wa swala tano ambaye viungo vya nyumbani kwao vilinukia mpaka kwenye nguo zake. Alikuwa ameshika bakuli la uji, mvuke unapanda.

Mmoja wa wageni akashangaa. "Uji wa uzazi, Bi Zainabu? Wa nini tena, na mtoto hayupo?"

"Mtoto hayupo," akajibu, akikaa ukingoni mwa kitanda, "lakini mzazi si huyu hapa? Kabeba mimba, kaumwa uchungu, kazaa. Mzazi hanyimwi uji." Akamgusa mama begani. "Inuka, mwanangu. Unywe ungali moto."

Mama akageuka. Akamtazama, akalia, kwa mara ya kwanza tangu arudi, kilio kikubwa kilichonifanya nikimbilie mlangoni. Baada ya hapo akanywa uji wote.

Tangu siku ile alikula, na alikaa kitandani badala ya kulala. Lakini habari za kwenda kanisani hakutaka kuzisikia. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Mwalimu Yona, alikuja kumjulia hali. Nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia marahaba, akavua kofia yake iliyolowa mvua. Mama akamwahi kabla hajaketi.

"Mwalimu, mwaka huu mnisamehe. Siwezi kusimama mbele za watu nikaimba kwamba mtoto amezaliwa. Huyo Mungu mwenyewe sijui nimwambie nini."

Nilitegemea mwalimu amkemee. Hakumkemea. Alikaa akiizungusha kofia mikononi, akanywa chai yake, akaaga.

Kesho yake jioni tukasikia ngoma. Kwaya nzima ilikuwa inaingia uani kwetu, kila mmoja na kigoda au ndoo ya kukalia. Baba alitoka nje na fulana yake ya kulalia, amepigwa na butwaa.

"Tumekuja kufanya mazoezi," Mwalimu Yona alisema, kana kwamba ua wetu umekuwa ukumbi wa kwaya tangu zamani. "Wala msihangaike na chai."

Mama akaniambia nifunge dirisha. Nikalifunga, na kwa joto lile la Morogoro tukabaki tunaokwa chumbani, nyimbo zikipenya vilevile kupitia matundu ya juu. Kesho yake wakaja tena, na keshokutwa. Mama hakuniambia tena nifunge. Bi Zainabu alitandika mkeka kibarazani kwake akawa anachambua mchele huku akitikisa kichwa kufuata mapigo, na Baraka akajipa kazi ya kumshikia mpiga ngoma fimbo yake ya akiba.

Ila kulikuwa na tatizo, na hata mimi mtoto nililisikia. Bila mama, sauti ya pili ilikuwa kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Kwenye wimbo mmoja ambao mwalimu aliutunga mwenyewe, wakifika mahali panapomtaja mtoto horini, wale wanawake walipotea, wakaifuata sauti ya kwanza, wakacheka kwa aibu, wakarudia, wakapotea tena.

Jioni ya mkesha wa Krismasi mvua ilinyesha kwa nguvu, wote wakabanana kibarazani mlangoni kwetu. Wakafika mahali pale. Wakapotea.

"Hapana!"

Sauti ilitoka chumbani. Ngoma ikanyamaza.

"Hapo mnashuka. Hampandi, mnashuka." Na mama akiwa amekaa kitandani, kanga mabegani, akawaonyesha. Sauti yake ilikuwa kavu na imepasuka, lakini ilishuka pale pale ilipotakiwa kushuka. Alipolifikia neno "mtoto", ikakatika kabisa. Nikamwona amefumba macho.

Hakuna aliyeingia kumbembeleza. Wale wanawake wa sauti ya pili waliudaka wimbo pale alipouacha, polepole, safari hii bila kukosea, wakausogeza mpaka mwisho wa ubeti. Kisha mwalimu akauanzisha upya. Mama akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akaegemea mwimo, akaimba nao. Kila lilipokuja neno lile alinyamaza, na wenzake wakampokea.

Siku ya Krismasi alikwenda kanisani na kanga, bila sare ya kwaya, akakaa nasi kwenye benchi. Baada ya ibada baba hakutuongoza nyumbani. Alituongoza makaburini, hadi kwenye kituta kidogo cha udongo mwekundu uliolowa. Mama akampakata Baraka.

"Hapa ndipo alipotangulia mdogo wenu," akasema. "Anaitwa Danieli."

Baraka alikitazama kile kituta. "Kumbe yuko karibu," akasema kwa faraja ya kweli kabisa, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, akalia.

Tuliporudi, Bi Zainabu alikuwa ametupikia pilau. Kila Krismasi sisi ndio tuliompelekea sahani; mwaka ule alisema sikukuu ya jirani aliyefiwa hupikwa na jirani mwenzake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alipona siku ile. Nilikuwa nimemsikia akiimba, na mtoto hujua kwamba anayeimba ana furaha. Nilipokuwa mtu mzima, baada ya mimi mwenyewe kupitia msiba wangu, nilimuuliza aliwezaje kupata amani upesi hivyo. Alicheka kidogo.

"Amani gani ya upesi? Nilikuwa bado nimemkasirikia Mungu, tena sana. Ila nilichoka kumkasirikia kwa mbali. Nikaona heri nikamkasirikie nikiwa karibu naye, anisikie vizuri."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Nilikuwa nikidhani tumaini ni kitu cha mtu aliyekwisha kufuta machozi, kwamba mtu hupona kwanza ndipo asogee horini. Mama alisogea na jeraha lake bichi, akiwa na neno moja asiloweza kulitamka, na Yule aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi hakumwambia asubiri mpaka aweze.