Kanda ya Nyimbo za Wenyewe

Hadi leo nikiona betri zimeanikwa juani, masikio yangu huanza kusikia muziki. Msicheke. Nyumbani kwetu Nyabiyonza, miaka ya themanini, betri za redio zikichoka hatukuzitupa. Tulizipanga kwenye mkeka kando ya kahawa, zikaota jua tangu asubuhi, na mchana zilikuwa na nguvu ya kupiga upande mzima wa kanda. Ndiyo maana kwangu mimi muziki wa soul una harufu ya kahawa inayokauka.

Kanda yenyewe aliileta mama mdogo Yunisi, muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga, aliyekuja kwetu likizo na redio kaseti ameikumbatia njia nzima. Kwenye kasha palikuwa na picha ya mwanamke mweusi wa Marekani, amefumba macho. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kuomba, ikipanda taratibu halafu kukatika ghafla, hata baba akauliza ni wa kanisa gani.

Lakini kwanza niwaambie hali ya nyumba siku hizo. Mama alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwaka ule alitunga wimbo wa mavuno. Aliutunga akimenya ndizi, mstari kwa mstari, nami pembeni nikiushika. Tulipanga kuuimba kwenye tamasha la kwaya za mitaa. Siku ilipofika, kwaya ya ng'ambo ya bonde ilitangulia, ikiongozwa na Mama Esperansia, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Wakaimba wimbo wa mama! Wakauimba polepole, kwa kuvuta sauti kwa namna ya kwao, na wazee wakatoa leso wakafuta macho. Zamu yetu ilipofika, mama alisema kwaya yake ina mafua.

Tangu siku hiyo hakuimba tena, si kanisani, si jikoni. Mazoezi ya Jumamosi yalikufa. Waimbaji wakija aliwapa chai na kuwauliza habari za mashamba. Nyumba ilinyamaza hadi nikawa nasikia ndizi zikitokota. Niliumia, na nilikuwa na siri yangu mwenyewe. Esperansia alikuwa rafiki yangu wa darasa la nne, na wimbo nilimfundisha mimi, tukichota maji, kwa kuringa tu kwamba mama yangu anajua kutunga. Kila mama alipotamka neno "wezi", nilikwenda kuwaangalia mbuzi.

Siku ya tatu ya kanda ile, mama alikuwa akichambua kahawa. Akamuuliza mdogo wake, huyu mwanamke anawezaje kutunga nyimbo nyingi hivi.

"Hatungi, dada. Kanda nzima ni nyimbo za wenyewe. Wengine waliziimba zamani, yeye kazirudia kwa namna yake."

"Zote? Na wenyewe wapo hai?"

"Wengine wapo."

"Na wanasalimiana?"

Mama mdogo alicheka hadi akashika mbavu. Mama hakucheka. Aliagiza turudishe mwanzo, tukairudisha kanda kwa kuizungusha na kalamu ili kutunza betri, naye akasikiliza wimbo mmoja mara tatu, mikono imetulia juu ya ungo. Uzalendo ukanishinda. Nikaangua kilio na kusema yote: kisimani, Esperansia, kuringa kwangu.

"Nilijua," mama akasema. "Kuna mstari wa ubeti wa pili unaouruka siku zote. Na wao waliuruka."

Nilingoja fimbo, haikuja. Aliendelea kuchambua kahawa, akaomba wimbo ule tena.

Jumapili baada ya ibada alimkaribisha Mama Esperansia nyumbani. Kwetu mgeni hupewa kibakuli cha kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, na ukiwa na kinyongo na mtu, mkono wako hauwezi kumpa kibakuli kile. Mama Esperansia aliketi ukingoni mwa kiti, tayari kusimama. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo sana. Mama akampa kibakuli kwa mikono miwili.

Mgeni alichukua punje mbili, akazitafuna. "Mama Koku, ule wimbo, watoto waliniambia..."

"Uimbe."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Uimbe kama siku ile, halafu unifundishe."

Walikaa mkekani mchana kutwa. Mama alimpa mstari uliorukwa, naye akamfundisha mama mahali pa kuvuta na mahali pa kuachia pumzi. Mama alikosea, akarudia, akakosea tena.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile mama alisamehe wizi. Sasa nina umri aliokuwa nao, nami naona hapakuwa na wizi wa kusamehe. Tangu mwanzo alijua wimbo umetoka kwangu, na bado aliwaita wezi, maana hilo lilikuwa rahisi kulisema. Kilichomfunga mdomo ni kusikia wimbo wake ukiimbwa, mbele ya watu wote, vizuri kuliko yeye alivyowahi kuuimba. Sijui kama mimi ningeweza kumwambia mtu wa namna hiyo anifundishe.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na sauti kutoka jikoni. Mama alikuwa anamenya ndizi na kuimba, polepole, akivuta kwa namna ya Mama Esperansia.