Mwenzangu Yuko Njiani

Fundi akifika mji mgeni hakuuliza kuhusu kitanda. Aliomba aoneshwe mlango. Wenye nyumba za wageni walimtazama kama mwanamke mwenye wazimu wa kiasi, maana wageni wengine hukagua bafu, wengine hunusa shuka. Yeye aliingia, akajifungia, akatikisa kitasa, akasukuma komeo kwa kidole gumba. Hapo ndipo alipokumbuka kuangalia kama chumba kina dirisha.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani za viwandani. Mashine zikianza kuruka mishono, viwanda vya nguo humwita, naye hufunga safari na sanduku lake la bisibisi na mafuta. Zamani alisafiri na mdogo wake wa kike, aliyemshikia tochi na kumpangia skrubu kwenye kifuniko cha kopo. Walilala kitanda kimoja, mdogo upande wa ukutani kwa sababu alikuwa na tabia ya kuanguka. Fundi alikuwa akitangulia mapokezini kukagua milango, na akiulizwa, "Mko wangapi?" alijibu, "Wawili. Mwenzangu yuko njiani," maana mdogo mtu alikuwa bado nyuma anaburuta sanduku na kulaani mashimo ya barabara.

Kisha mdogo akaolewa, watoto wakafuatana, simu zikapungua. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Maneno yale Fundi hakuyaacha. Aligundua kwamba mwanamke mwenye mwenzake njiani hagongewi mlango ovyo. Uongo ule ulizaliwa ukiwa kweli, kwa hiyo haukumkwama kooni.

Siku hiyo alishuka saa nane mchana. Kiwanda kilimtaka kesho yake asubuhi: mashine arobaini, wiki tatu. Usiku mmoja mtu anaweza kukesha, kiti amekiegemeza mlangoni. Wiki tatu, mkono utatetemeka. Katika mji uliopita alilala nyumba isiyo na komeo, au tuseme hakulala, na siku ya tano akavunja sindano sita kwenye mashine moja. Msimamizi alimshukuru kwa adabu, na hajaitwa tena kule. Akiharibu na hapa, habari zitamtangulia kila kiwanda. Basi alichokitafuta si chumba. Alitafuta usingizi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na maua ya plastiki na wanaume watatu wanaotazama televisheni. Mtu wa mapokezi akamkabidhi ufunguo.

"Namba saba, dada! Mwisho kabisa wa ujia, uko peke yako kule, hakuna wa kukusumbua."

Vichwa vitatu vikageuka.

"Mbona hukunong'ona?" akauliza Fundi.

"Kwani ni siri?"

"Ilikuwa."

Akabeba sanduku lake.

Ya pili ilikuwa na vitasa vipya vinavyong'aa. Fundi, kwa mazoea ya ufundi, akauchomeka ufunguo wake kwenye mlango wa chumba kitupu cha jirani. Mlango ukafunguka bila ubishi.

"Ufunguo mmoja unafungua vyumba viwili," akamwambia mwenye nyumba.

"Vinne," akajibu yule kwa fahari. "Ukipoteza wako unaazima kwa mwenzio. Hatutaki usumbufu."

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoingia duka la sabuni kuuliza. Muuzaji alimwangalia miguu iliyojaa vumbi.

"Nenda kwa Mkunga, ule mlango wa buluu. Ila yule bibi ana masharti kuliko mganga."

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini bado alitembea kama anamwahi mtu. Hakushangaa alipoombwa mlango. Aliufungua akasimama kando. Makomeo yalikuwa mawili, ya chuma, moja juu na moja chini. Dirisha lenye nondo lilitazama uani, ambako mwanamke mmoja alikuwa akianika mashuka, anajisemea peke yake. Fundi akakaa kitandani. Mabega yake yakashuka, naye hakuwa akijua kwamba yalikuwa yamepanda.

"Mko wangapi?" Mkunga akauliza.

"Wawili. Mwenzangu yuko njiani."

Mkunga akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo.

"Basi pole, mwanangu. Hapa wanakaa wanawake waliokuja peke yao."

"Ni mdogo wangu wa kike, mama."

"Hata awe malaika. Niliwahi kupokea dada wawili. Mwezi mzima wanacheka wao kwa wao, na chumba cha pili mtu anaungua homa siku tatu hawajui. Mwenye wake hamwoni wa jirani."

Fundi alikumbuka vyumba vingi, na kicheko kingi. Hakukumbuka jirani hata mmoja. Akashika mpini wa sanduku. Nje kulikuwa na mji mzima wa milango.

"Haji," akasema.

"Nani haji?"

"Mwenzangu."

"Leo?"

"Hata kesho. Mwaka wa tatu huu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kwa sauti, na yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Mkunga hakumpa pole ya pili. Akamrudishia ufunguo, akavikunja vidole vya Fundi juu yake.

"Chai ni saa kumi na mbili jioni, uani. Anayechelewa hugongewa mara tatu. Ikigongwa mara mbili, si sisi, usifungue."

Alipobaki peke yake alisukuma makomeo yote mawili. Yakashika. Akamwandikia mdogo wake: *Nimepata chumba. Kina makomeo mawili.* Simu ikakaa kimya. Akajilaza, na baada ya muda akaona amelala ukingoni kabisa, nusu ya kitanda upande wa ukutani ikiwa tupu, imenyooka. Akasogea huko. Ukuta ulikuwa baridi. Akarudi ukingoni.

Mlango ukagongwa. Moja, mbili, tatu.

"Mwenzangu," ikaita sauti ya yule mwanamke wa mashuka, "chai inapoa."

Fundi aliitazama nusu tupu ya kitanda, hana hakika anayeitwa ni nani. Kisha akanyanyuka, akafungua komeo la chini.