Diski ya Mama Nyibol

Wenzangu tuliokulia Lodwar, niambieni kama mmesahau vumbi lile. Uliosha sahani, ukageuka kuchukua kitambaa, ukirudi zimevaa unga mwekundu. Tuliogelea Turkwel siku mto ulipoamua kuleta maji, tukaguguna matunda ya mkoma mpaka taya zikauma, na darasani tulijua kufumba macho upepo upite, kisha tukaendelea kusoma palepale tulipoachia. Lakini adui mkubwa wa vumbi mji mzima, nasema bila upendeleo, alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mtu wa Bungoma aliyehamishiwa Turkana nikiwa bado chekechea. Mwaka 2012, nilipokuwa darasa la tano, alinunua mashine ya kurekodi DVD kutoka kwa mfanyakazi wa shirika aliyekuwa akifunga virago Lokichoggio. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ghala la vipindi vya televisheni: taarifa za habari, kwaya, vichekesho, mpira.

Diski alizinunua Kakuma, kwa Msomali mmoja aitwaye Abdi aliyekuwa na duka karibu na mabasi ya Kitale. Alizitoa moja moja, akazipeleka mlangoni penye jua, akazigeuza. Zile za kudumu, ambazo ukisharekodi umemaliza, tumbo lake lilikuwa la zambarau. Za kufutika, unazorekodi na kufuta na kurekodi tena, zilikuwa za kijivu, zinakuonyesha uso wako kama kioo. Alipapasa ukingo kwa kidole. Wakati mwingine alinusa, naapa alinusa.

"Mzee, hiyo ni DVD, si nyama," Abdi alimwambia.

"Nyama mbaya nitakula leo, kesho nimesahau," Baba akajibu bila kuinua macho. "Hii nitaishi nayo."

Nyumbani alikuwa na sheria. Kila kipindi kilianzia kwenye diski ya kufutika. Alikitazama mpaka mwisho, kwa sababu diski mbovu huanza kukwama kule ukingoni, na kikimridhisha alikipeleka kwa Abdi kikanakiliwe kwenye ya kudumu. Za kudumu zilikaa sandukuni chini ya kitanda. Za kufutika zilikaa kwenye kikapu kando ya televisheni, kila moja imefungwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Kitambaa cheupe, ruhusa kufuta. Chekundu, usiguse. Na kabla ya kuweka chochote kwenye mashine, tulisikia lile neno lake: "Geuza kwanza, uone unashika nini."

Sasa, kulikuwa na Mama Nyibol. Alitoka Sudan Kusini, akiuza vitambaa soko la kambini Kakuma, na kila alipokuja Lodwar alilala kwetu, kwa kuwa yeye na Mama walijuana kanisani. Binti yake Nyibol ndiye aliyenisuka nywele bila kunitoa machozi. Mwaka huo Nyibol alipata nafasi ya kuhamia Kanada na shangazi yake. Kabla hajaondoka, watu wa televisheni walikuja kupiga picha kwaya ya kanisa lao, na yeye ndiye aliyeongoza wimbo. Kipindi kilikuwa kionyeshwe Jumapili alasiri, Nyibol akiwa ameshafika Kanada zamani.

"Ejok," Mama Nyibol alisalimu kwa Kiturkana mlangoni, hata mzigo hajatua. "Baba Nekesa, mimi nasikia sauti yake kwa simu. Uso hapana. Miezi tatu sasa. Wewe shika yeye kwa diski."

"Nitamshika," Baba akasema.

Jumapili ile tulikaa tukiiangalia taa ya mashine zaidi hata ya kipindi chenyewe. Stima ya Lodwar iliondoka ilipojisikia, na ikiondoka katikati ya kurekodi, basi. Siku hiyo ilituonea huruma. Baba akaifunga diski kitambaa chekundu, akaiweka kikapuni kungoja safari ya Kakuma.

Jumamosi iliyofuata Mama akanituma nifue vile vitambaa. Nikazipanga diski mkekani, nikafua, jua likakausha kabla sijamaliza kujinyoosha, nikazifunga tena. Huku nje wenzangu wanacheza kati, na kila mpira uliporushwa jicho langu lilikwenda nao. Nilifunga nyekundu na nyeupe nilivyojua mimi.

Jumatano nikitoka shule, nilitaka kurekodi katuni. Nikachukua diski ya kitambaa cheupe, sikuigeuza, nikaitia mashineni, nikabonyeza kufuta. Mashine ikakataa. Nikabonyeza tena. Ikakataa. Mara ya tatu nikapandwa na hasira, nikaamua kuicheza nione ina jeuri ya nini. Akatokea Nyibol, amevaa joho la manjano, anafungua kinywa kuimba.

Nilikuwa nimejaribu kumfuta mara tatu.

Baba aliporudi nilimweleza yote nikilia. Hakunipiga. Aliitoa diski, akaigeuza, akanionyesha tumbo lake: zambarau. Ilikuwa diski yake ya mwisho ya kudumu, ile aliyoiweka akiba kwa ajili ya mbio za wanariadha wetu, na aliipenda si kidogo.

"Lakini sheria yako..." nikasema.

"Sheria ile ni ya vitu vyangu. Vyangu vikifutika nitanuna siku mbili, nitaacha. Cha mtu mwingine siwezi kukiweka mahali panapofutika." Kisha akanitazama. "Na wewe, mama, geuza diski."

Mbio zenyewe alizirekodi baadaye kwenye ya kijivu, iliyochoka.

Kakuma tulitazama kwa jirani wa Mama Nyibol, kwenye mashine kuukuu iliyokuwa ikizitema diski za kufutika. Hilo pia Baba alikuwa amelifikiria. Nyibol alipoanza, mama yake hakulia. Alisimama, akakaza leso kiunoni, na kwaya ilipopokea naye akapokea, sauti ya pili, ameikabili televisheni. Mlango ulijaa majirani. Alisema "Rudisha" mara nne. Mwisho akamshika Baba mkono. "Sasa yeye iko," akasema.

Vijana wa leo wana video elfu nne kwenye simu na hawajui hata moja inasema nini. Nawacheka, lakini simu yangu ilipozama kwenye ndoo ilikwenda na hatua za kwanza za mwanangu, na sikuwa nimezihifadhi popote. Enzi zile tulikuwa na vichache, na kila kimoja kilikuwa na mtu anayekihangaikia. Ninaukumbuka uangalifu ule na moyo unaniuma.

Krismasi iliyopita nilikwenda Bungoma, Baba alikostaafu. Tulikifungua kile kikapu. Diski za kijivu zilizunguka, zikazunguka, hazikutoa kitu. Mbio nazo zimekwenda. Alizigeuza zote kwenye mwanga, kwa mazoea. Nikampigia Mama Nyibol, bado yuko Kakuma, nikamuuliza kuhusu yake. Akacheka: waliicheza Jumapili.

"Inacheza?" Baba akauliza.

"Inacheza."

Akaanza kuzifunga zile za kijivu kwenye vitambaa vyake, moja moja, taratibu.

"Basi hatukupoteza kitu," akasema.