Upande wa Kushoto wa Pikapu

Harufu ya thina hunirudisha Murungu hata nikiwa katikati ya soko la Kasulu na kapu la nyanya mkononi. Thina ni ile dawa ya kuyeyushia rangi, kali, inayopanda puani na kukaa huko. Kwangu mimi haiji peke yake. Huja na harufu ya vumbi jekundu lililomwagiwa maji, kwa sababu mafundi wa kwetu hawapaki gari rangi kabla ya kulowanisha uwanja, vumbi lisije likarukia kazi yao. Huja pia na harufu ya maharage ya mama, ambayo kiangazi kile yaliungua mara mbili kwa vile kila wakati alikuwa akitoka jikoni kuchungulia nje. Mama alikuwa analinda rangi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, binti yake wa kwanza, na kazi niliyopewa likizo ile ilikuwa kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kulikodolea macho kopo la rangi lisiibiwe.

Pikapu ilikuwa ya baba, nayo ilikuwa imechoka. Rangi yake ya kijani ilikuwa inabanduka vipande vipande, na mwenye ghala moja la mahindi mjini Kibondo, aliyekuwa akitafuta magari ya kukodi wakati wa mavuno, alipokuja kuiona alisema hawezi kuchukua gari lenye ukurutu. Likipakwa rangi, atarudi kulitazama. Basi nyumbani pakawa na vikao. Baba alitaka rangi nyeupe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi dukani. Mama aliikataa palepale, akasema gari jeupe kwenye barabara zetu kila mtu hulidhania la shirika la wakimbizi, na yeye alishayapanda ya kutosha alipokuwa mtoto. Yeye alitaka buluu. Lakini kadi ya gari iliandikwa kijani, na kubadilisha rangi kwenye kadi ni safari na malipo, kwa hiyo kijani ikashinda bila kupendwa na mtu yeyote. Kupuliziwa rangi kwa mashine katika gereji za Kasulu hatukukumudu. Ikaamuliwa ipakwe kwa brashi, uwanjani kwetu, kwa kopo moja kubwa na moja dogo, basi. Likabaki suala la kukwangua. Mama alitaka rangi ya zamani ikwanguliwe yote mpaka kwenye bati. Baba akasema msasa nao ni gharama, ipakwe juu kwa juu. Mama alimtazama kwa muda. Baba alikuwa mtu wa kung'oa mlango mzima kwa ajili ya bawaba moja, na haikuwa desturi yake kuridhika na juu kwa juu.

Fundi aliitwa Nestori, kijana mrefu mwenye mikono isiyokwisha madoa. Ufundi aliujifunzia kambini Mtabila kabla haijafungwa, akipaka madawati na milango. Alikuwa amehamia Murungu na mkewe miezi michache tu nyuma, na pikapu yetu ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza pale. Kila mtu kijijini alijua maana yake. Ikitoka vizuri, wenye maduka wangempa milango yao, naye angetulia. Ikitoka vibaya, angefungasha na kuhama tena. Alipofika siku ya kwanza alimwamkia mama kwa Kirundi, "Amahoro," na mama akamjibu kwa Kiswahili, "Salama," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Hapo lazima nieleze, maana mama mwenyewe alitoka hukohuko. Alivuka mpaka akiwa amebebwa mgongoni, akakulia Mtabila, na baba, Muha wa Murungu, alimwoa akimtoa kambini. Uraia alikuja kuupata baadaye. Nilipokuwa mdogo zaidi alikuwa akiongea Kirundi na kila mwanamke aliyepita na mzigo, tena kwa kicheko. Kisha mwaka mmoja kabla ya habari hii, baba aliondoka na magunia ya maharage kuyapeleka Kasulu, akarudi baada ya wiki tatu bila maharage na bila fedha. Alisema watu watatu walimsimamisha karibu na Mtabila, kwenye magofu ya kambi, wakamnyang'anya kila kitu, na walikuwa wakizungumza Kirundi. Halafu injini ikamharibikia, akawa anangoja kifaa. Mama hakulia. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyewatuma. Tangu siku ile aliacha kuongea Kirundi, na akawa mkali kwa watu wa kwao kuliko jirani yeyote. Muuza dagaa akiwa Mrundi, mama alipima upya. Kwa hiyo Nestori alipoweka brashi zake chini, mama alinipa kijiti alichokichonga alama kwa kisu, akaniambia nikitumbukize kwenye kopo kila asubuhi na kila jioni, na rangi ikishuka kuliko kazi inavyoonekana, nimwambie.

Nikawa mpelelezi, na sitadanganya, niliifurahia kazi hiyo. Nilimfuata Nestori hadi alipokwenda chooni. Alikuwa ananiona, akawa ananitania, ananiita afande. Asubuhi ile ya kwanza, alipochoka kutazamwa, alinipa kitu cha kuchezea: sumaku ya duara aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaizungushia kitambaa isikwaruze. "Zunguka gari lote, mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu. "Panaponata ni bati. Pasiponata ni puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabonde. Niwekee chaki." Nikazunguka. Boneti ilinata. Kulia kote kulinata. Nyuma pia. Kushoto, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa bodi, sumaku ilikuwa ikiniangukia mkononi kila nilipoiachia. Nilichora chaki mpaka ikaisha.

Nestori alitazama mchoro wangu, akapiga bodi kwa kifundo cha kidole, akamwita baba pembeni. Nilisikia, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusikia. "Mzee, hapa palishapigwa vibaya. Puti ni nene na haikuwekewa rangi ya chini. Itakunywa rangi yetu yote." Baba akasema, "Wewe paka tu." Kisha akaja akafuta chaki yangu kwa kiganja, taratibu, kama anafuta kamasi za mtoto. Akaniambia nisimwambie mama, atahangaika bure, na akanipeleka dukani kula maandazi mawili. Nilikula. Nilijua kabisa kwamba maandazi yale si ya bure, nikala yote mawili na kulamba vidole.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu. Baba nilimpenda sana, ndiye aliyenifundisha kusoma saa na kupanda baiskeli, na ghafla nikawa namtazama kwa jicho lilelile nililopewa kwa ajili ya Nestori. Alikuwa anacheka kwa nguvu mno. Kila mama alipokaribia ubavu wa kushoto, yeye alikuwa na swali la kumwuliza upande wa pili. Nestori naye alipaka kushoto mara moja, rangi ikazama, akapaka mara ya pili, ikazama tena, na kijiti changu kikawa kinatoka kwenye kopo kikiwa kikavu karibu chote. Jioni ya siku ya pili mama aliponiuliza, nilimwambia iko sawa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya kwa jambo kubwa.

Siku ya tatu mchana rangi ikaisha. Paa lilikuwa halijaguswa, wala mlango wa nyuma, na kwenye kopo dogo palibaki kiasi cha kikombe kimoja au viwili. Mama alikuja mwenyewe, akachukua kijiti, akakitumbukiza, akakiinua tukakiona wote. Majirani wawili waliokuwa wakipita na majembe wakasimama. "Rangi imekwenda wapi?" akauliza. Nestori akasema, "Mama Yusta, puti inakunywa." Mama akasema, "Puti gani? Hili gari halijawahi kugongwa." Nestori akamtazama baba. Alimtazama kwa heshima, akamngojea, kama mtu anayemwachia mkubwa wake nafasi apite kwanza mlangoni. Baba akasema, "Maneno ya mafundi hayo." Akaongeza, akitazama chini, kwamba apewe nusu ya ujira wake aende zake.

Jirani mmoja akaguna, akasema si ajabu, watu wa kambini ndivyo walivyo. Mama hakumkemea. Nestori aliinama akaanza kukusanya brashi zake moja moja, akizifuta kwenye suruali. Nilielewa, kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja, kwamba akishatoka kwenye uwanja ule na jina la mwizi, hakuna mlango wa duka atakaoupaka Murungu. Nilimwogopa baba. Nilimwogopa mama zaidi. Nikatoa sumaku mfukoni, nikaenda kuibandika kwenye mlango wa kulia. Ikanata. Nikazunguka hadi mlango wa kushoto, nikaibandika mbele ya macho yao, nikaiachia. Ikaanguka kwenye tope.

Mama aliiokota, akaifuta kwa kanga. Akajaribu mwenyewe, mlangoni, chini ya mlango, kwenye bodi, akienda hatua kwa hatua mpaka mwisho wa gari, na kila mahali sumaku ilimwangukia. Hakuwa na haraka. Alipofika mwisho alisimama huku ametupa mgongo, akamwuliza baba, "Wale waliokunyang'anya Mtabila, walikuwa wangapi?"

Baba aliitazama sumaku mkononi mwa mama. Kisha akasema, "Hawakuwepo."

Mengine yalitoka kidogo kidogo. Mama alikuwa amemwambia magunia manane yanatosha, yeye akapakia kumi na manne. Kwenye mteremko kabla ya Kasulu akataka kulipita lori ili awahi bei, gari likalala ubavu wa kushoto mtaroni, maharage yakamwagika kwenye maji. Kilichookolewa alikiuza ili kulipa nyundo na puti. Aliona haya kurudi na habari hiyo, akatafuta nyingine, na ile ya Warundi watatu ilikuwa rahisi kwa sababu kila mtu angeiamini. Jambo hili la mwisho ndilo lililomchoma mama. Hata yeye aliiamini.

Nestori alikuwa ameshafika kwenye njia. Mama akaita, "Buretse, Nestori. Buretse." Yaani subiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea Kirundi kwa mwaka mzima, na jirani yule aliyeguna akakumbuka kwamba ana safari. Mama alimletea fundi maji ya kunawa, kisha kiti, kisha chakula, na alimwomba radhi mbele ya waliokuwapo, kwa lugha yao wawili. Sikuyaelewa yote. Nilimwona Nestori anaitikia ndiyo, "Ego, mama, ego," huku anatazama sahani.

Halafu mama akaamua jinsi gari litakavyopakwa, na safari hii hapakuwa na kikao. Rangi iliyobaki itapakwa kwenye paa na mlango wa nyuma, ikiongezwa thina kidogo. Upande wa kushoto utakwanguliwa hadi kwenye bati, mabonde yote yaonekane, upakwe ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu tu, na ubaki hivyo. Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenye ghala hatalichukua gari la namna hiyo. Mama akasema anajua. Atakayekwangua, akasema, si Nestori. Baba alikwangua siku mbili, kwa patasi na msasa, vumbi la puti likimjaa kichwani akawa na mvi kabla ya wakati wake, na kila aliyepita aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alijibiwa, kwa sababu mama alikuwa ameketi palepale akichambua mchele. Mwenye ghala alikuja, akatazama kulia akafurahi, akazunguka kushoto, akaondoka. Mwaka ule tulivaa sare zetu za zamani. Lakini watu waliotazama upande wa kulia waliuliza ni nani aliyepaka, na kabla ya mavuno kuisha Nestori alikuwa na milango ya maduka matatu. Yuko Murungu hadi leo, na ana vijana anaowafundisha kazi.

Siku hizi ninafundisha shule ya msingi Kasulu, na mwaka huu nimenunua gari langu dogo, la mkono wa pili. Gari la siku hizi unaliona kwanza kwenye simu, limeoshwa, limepigwa picha kwenye lami wakati jua linapendeza, na kila picha inang'aa. Muuzaji alishangaa nilipotoa kwenye mkoba sumaku ya spika iliyofungwa kitambaa. Alicheka, akaniambia, "Madamu, mbona unanifanyia upelelezi?" Naijua tabia yangu. Mume wangu akichelewa na kusema pikipiki imeharibika, namwuliza ni kifaa gani. Wanafunzi wangu husema mwalimu Yusta haaminiki kirahisi, wakiwa na maana kwamba haamini kirahisi, nami nawaacha. Pikapu bado ipo uani Murungu, imewekwa juu ya matofali. Kijani yote imekwisha kubanduka. Ule ubavu mwekundu ndio uliobaki na rangi yake.

Baba alikuja kwa basi kunisindikiza siku ya kununua. Amezeeka, mvi sasa ni zake kweli. Alisimama kando ameshika mkoba wangu wakati nikizunguka. Sumaku ilinata kwenye boneti, ikanata kulia, nyuma, kushoto, kote. Nikaifunga kwenye kitambaa chake nikamwambia muuzaji twende tukaandikiane. Ndipo baba akaniita, kwa sauti ileile ndogo ya uwanjani kwetu.

"Yusta," akasema, "rudia kushoto."

Nikarudia.