Msimu Magego Yalipolegea

Harufu ya mafuta ya karafuu ikinifikia popote, hata jikoni mwa mtu, ulimi wangu huanza kupapasa magego yangu mwenyewe, moja baada ya jingine. Ni harufu ya chumba cha meno cha Mzee Ezra, kilichokuwa mjini Homa Bay kwenye barabara inayoteremka kwenda gatini, miaka michache baada ya Uhuru. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichopakwa chokaa, chenye kiti cha mbao kilichoshonewa mto wa kulaza kichwa, beseni jeupe la kutemea, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia koleo, na dirisha lililotazama ziwa. Ezra alikuwa amejifunza kazi hiyo jeshini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyonawishwa sana hadi ngozi ya vidole ikawa imekunjamana kama ya mfua nguo. Watoto tulimwogopa kwa sababu ya koleo, lakini tulimpenda kwa sababu hakuna mtu mwingine pale mjini aliyetuita kwa majina yetu kamili na kusubiri tujibu.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka mjini, upande wa kuelekea Rodi, na habari za Ezra zilitufikia kwa njia ya kanisa. Kila msimu alikuwa akiandika karatasi kwa mkono, kwa wino wa buluu, akaipa kichwa cha Habari za Meno, na katekista wetu akaisoma baada ya matangazo ya ndoa. Wakati wa miwa tuliambiwa tusukutue maji kila tumalizapo kutafuna. Wakati wa mahindi mabichi wazee walionywa wasijaribu kuchoma na kung'ofoa kama vijana. Kabla ya masika alitangaza siku atakayokuja shuleni kutukagua vinywa, na mwenye meno safi kuliko wote alipewa kipande cha sabuni ya kuogea, akaenda nacho nyumbani kama bingwa. Palipotokea msiba, viti vyake vya kusubiria wagonjwa vilibebwa hadi matangani, na yeye mwenyewe akawa wa mwisho kuondoka ili avihesabu. Kwa hiyo hatukumwona kama mtu wa mjini. Alikuwa wetu.

Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi. Barabara ya Rodi iligeuka tope, mbu wakawa wanauma hata mchana, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto anayetetemeka kwa homa chini ya blanketi. Ndipo Akinyi, binti wa jirani yetu, mtoto wa miaka saba aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sote katika kwaya ya watoto, akaanza kulalamika kwamba gego lake la chini linacheza. Siku ya ukaguzi wa shule Ezra alilishika, likamfuata kwenye koleo bila hata kumwumiza. Nilikuwa nyuma ya Akinyi kwenye mstari, nikamwona Ezra akiligeuza lile jino kwenye mwanga, akiliangalia kwa muda mrefu, kwa maana halikuwa limeoza hata kidogo. Kisha akaliweka mfukoni, akaniita mimi. Baada ya wiki mbili taya la Akinyi lilivimba. Baada ya mwezi jicho lake upande ule lilianza kusukumwa nje, na meno mengine yakaanguka yenyewe akila uji. Mama yake, ambaye sote tulimwita Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, alimzungusha kwa kila mwenye mizizi na kila mwenye maombi. Kabla ya mavuno tulimzika. Kwaya iliimba bila yeye, na viti vya Ezra havikuletwa, kwa sababu Min Akinyi alikuwa amesema asivione uani kwake.

Ulimi hauna mfupa. Kufikia Jumapili ya pili baada ya mazishi ilishasemwa sokoni kwamba koleo la Ezra lina mauti, kwamba alilitoa jeshini likiwa limeng'oa meno ya maiti. Watu waliokuwa na majino mabovu wakarudia kujifunga vitambaa mashavuni na kuvumilia. Kisha ikaja karatasi ya msimu. Haikuwa na neno lolote kuhusu mahindi wala sabuni. Katekista aliinyoosha, akaisoma kwanza kimya kimya, akatutazama, halafu akaisoma kwa sauti: "Mtoto wa chini ya miaka kumi ambaye gego lake linalegea bila kuoza, asing'olewe na mtu yeyote. Hata mimi nisimng'oe. Aletwe nimwone siku hiyo hiyo, kwa maana si ugonjwa wa meno." Aliisoma mara mbili. Niliona akina mama, mmoja mmoja, wakiwavuta watoto wao karibu na magoti na kuwatazama midomoni, na nilisikia mvua ikianza tena juu ya mabati.

Mimi sikuhitaji kumtazama mdogo wangu. Nilikuwa najua. Ouma alikuwa na miaka sita na tulilala kwenye mkeka mmoja. Kwa siku nne alikuwa akila nyoyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, kwa upande mmoja wa mdomo, akichagua maharagwe yaliyoiva sana na kuyaacha mahindi, na nilipomwuliza alinishika kidole akakiingiza kinywani mwake. Gego la nyuma, chini, lilicheza kama kigingi kwenye mchanga. Alinisihi nisiseme. Alikuwa amemwona Akinyi akiwa ndani ya sanduku, na kwa akili yake ya kitoto aliamini kwamba kilichomwua ni kuguswa na lile koleo. Nikamwapia sitasema. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mtu mzima wa kutunza siri. Hata baada ya kusikia ile karatasi nilitoka kanisani nimemshika mkono, tukarudi nyumbani, nikanyamaza siku nyingine tisa. Kila usiku kabla ya kulala nilikigusa kile kigego, nikijidanganya kwamba leo kimekaza kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mimi nilikuwa naficha maradhi ya mtu mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi. Siku ya kumi aliamka na shavu limejaa, gumu, bila joto wala maumivu. Nilimwambia mama kila kitu huku nikilia, na hakunipiga. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Baba alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, na wakati huo alikuwa Ogwedhi kwenye mnada, huenda wiki nzima, huenda mbili. Kwa hiyo neno la nyumbani lilikuwa la nyanya yangu, tuliyemwita Dani. Dani alikuwa wa rika lililong'olewa meno sita ya chini kwa desturi, nasi tuliyazoea maneno yake yakipita kwenye lile pengo yakiwa na upepo kidogo. Alisema alikaa chini akang'olewa meno sita kwa siku moja na hakuna aliyekufa, kwa sababu aliyefanya kazi ile alikuwa na mkono msafi. Kwa yule mwenye koleo la jeshi mjukuu wake hatakwenda. Tumsubiri mwenye mtoto arudi, na kwa sasa aitwe mama mmoja wa dawa kutoka Kanyada. Mama yangu aliinama, akaendelea kupeta mtama.

Siku iliyofuata sikwenda shule. Nilipita njia ya shule hadi kwenye mkuyu, nikakata kushoto, nikatembea hadi mjini na tope hadi magotini. Nilimkuta Ezra peke yake. Jiko lilikuwa halijawashwa, na viti vyake vimepangwa ukutani bila mtu. Nilipomaliza kumweleza aliniuliza jambo moja tu, ni siku ngapi. Nilipomwambia, alifumba macho. Kisha akafunga mlango, akachukua kofia yake, tukarudi pamoja kwa miguu. Hakubeba koleo wala mkoba wowote. Nadhani alitaka watu wa njiani waone mikono yake mitupu.

Dani alimwacha asimame langoni kwa muda ambao mtu mwingine angeondoka. Alipomruhusu aingie hakumpa kigoda, Ezra akachuchumaa chini uani, mtu mzima kama yule, akavua kofia. Akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Mama, Akinyi nilimng'oa mimi, kwa mkono huu. Nilidhani ni jino tu. Nilipoona halikuoza nilipaswa kusimama, nami sikusimama. Baada ya mazishi niliwaandikia madaktari Kisumu, wakanijibu kwamba huo ni uvimbe wa taya, unawajia watoto wa huku ziwani, na gego kulegea ndiko kuja kwake. Kuna sindano zake. Zinamfaa mtoto aliyewahi."

Dani akamwuliza, "Umekuja kuniomba mjukuu baada ya kusema umemmaliza wa jirani?"

"Nimekuja kukwambia mimi siwezi kumtibu," akajibu. "Mpelekeni kwa wanaoweza."

Hapo ndipo mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimpinga Dani kwa lolote, aliponyanyuka, akatoka uani bila kuaga, akavuka ua wa mkonge kwenda kwa Min Akinyi. Tuliwaona wakirudi wawili. Min Akinyi alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba, na alimpita Ezra pale chini kama mtu apitavyo kisiki. Akamkalisha Ouma mapajani, akamfungua mdomo kwa upole, akaingiza kidole. Alikikawiza mle ndani. Alipapasa ufizi, nyuma, mbele, akarudi nyuma tena, macho yake yakiwa mbali kabisa na sisi. Ouma hakulia. Halafu akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga yake na kusema, "Ilianza hivi. Mpelekeni kesho." Akaenda zake. Dani akaingia nyumbani mwake na kufunga mlango, na hiyo ndiyo ikawa ruhusa yake.

Walipanda basi la asubuhi kwenda Kisumu, mama na Ouma, wakiwa na barua ya Ezra, na kutoka huko wakapelekwa kwenye hospitali kubwa Nairobi. Nilibaki na Dani. Sijui kuyaeleza majuma yale. Mvua zilikatika, mavumbi yakaanza, na kila mtu aliyeingia langoni nilimtazama kwanza uso kabla ya kumwamkia. Baba alirudi kutoka Ogwedhi, akasikia, akaketi kwenye kizingiti siku nzima bila kula. Barua ya kwanza ilisema uvimbe umeanza kuyeyuka. Ya pili ilisema nywele zimemtoka na hali chakula. Ya tatu haikuja kwa muda mrefu sana, na Dani akaanza kufagia ua alfajiri, akiukwangua hadi udongo mwekundu, kama afanyavyo mtu anayetarajia watu wengi. Kisha alasiri moja wakashuka barabarani wenyewe, mama akiwa na kifurushi kichwani na Ouma kichwa wazi, macho yamepauka, taya limepungua upande mmoja, akilalamika kwamba viatu vya hospitali vinambana.

Aliishi. Alirudishwa Nairobi mara mbili tena, kisha wakamwachilia. Watoto wengine wawili wa kata yetu msimu ule hawakuwahi. Mtu angedhani baada ya hapo wangemrudia Ezra, lakini jina likishaharibika halishonwi. Aliendelea kuandika karatasi zake kwa msimu mmoja au miwili zaidi, katekista akazisoma na watu wakatazama madirishani. Halafu tukasikia amehamia upande wa Migori, karibu na Isebania, ambako hakuna aliyemjua Akinyi. Sikumwona tena.

Leo mimi ni nyanya. Ugonjwa ule una jina ambalo hata wanafunzi wanalijua, na hospitali ya kaunti ina dawa. Likizo za shule zikianza, zahanati ya meno ya mjini hututumia ujumbe kwenye simu, hupiga hema uwanjani, huwapa watoto dawa ya meno bure na kuwapiga picha wakicheka. Nawapeleka wajukuu wangu, nashukuru. Na bado mwaka juzi aliletwa pale hemani mtoto kutoka pande za Macalder akiwa na taya lililovimba kwa miezi mitatu, kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri. Sitamlaumu mtu huyo. Siku zangu tisa nazijua.

Min Akinyi aliishi hadi akazeeka sana, na Ouma ndiye aliyemjengea nyumba ya mabati. Miaka yake ya mwisho nilimtembelea mara kwa mara kumwogesha. Siku moja nilimshukuru, nikamwambia kwamba asingekuja siku ile ndugu yangu angekufa. "Sikuja kwa ajili ya Ouma," akasema. "Ouma alikuwa hajaguswa na koleo. Nilitaka kujua kama nitaukuta ugonjwa ule ule." Nikamwuliza kwa nini, alipoukuta, hakumwambia Ezra pale chini neno moja tu, kwamba si mkono wake uliomwua Akinyi. Aligeuza uso ukutani. Akasema angemwambia hivyo, ni nani tena angebaki wa kumchukia? Kisha akaniomba nimsugue mgongo, maji yasije yakapoa.