Kesi ya Sonata Mbele ya Mzee Libère

Mzee Libère wa mtaa wa Bwiza ameamua kesi za kila namna. Ameamua kesi ya mfereji unaomwaga maji jikoni kwa jirani, kesi ya mume aliyeuza kitanda mke akiwa safarini, na kesi ya jogoo anayewika saa anayotaka yeye. Ni mshingantahe, yaani mtu aliyeapishwa mbele ya watu kwamba hatasema uongo wala kupendelea, akapewa fimbo, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukaacha kumpa raha. Zamani alikuwa karani wa serikali, na ukimuuliza atakwambia ofisini kulikuwa na kelele kidogo kuliko mtaani.

Kesi ya sonata hakuitafuta. Lakini tuseme ukweli: kati ya kesi zake zote, hiyo peke yake ndiyo iliyomtia hofu.

Mkewe, Dévote, alifariki mwaka juzi. Watoto wako nchi za watu, na nyumba imebaki na yeye na viti. Kilichokuwa kinamshikilia ni kila Jumapili mchana. Maxime, kiongozi wa kwaya ya parokia, alikuja baada ya misa; Karimu, fundi redio anayekaa nyumba ya pili, alikuja baada ya kuswali adhuhuri. Wakakaa uani, Maxime na bia yake, Karimu na Fanta yake, wakabishana juu ya muziki wa piano wa Wazungu wa zamani hadi jua lipoe. Libère muziki huo haujui kabisa. Kazi yake ilikuwa kuleta viti na kusema "ehe" panapostahili. Aliipenda kazi hiyo kuliko ile ya serikali.

Halafu akaja huyo Valéry, bingwa wa piano, mtu wa kualikwa nchi hadi nchi, akapiga alasiri moja katika ukumbi wa Kinindo. Maxime alipata kadi tatu. Wakavaa makoti, wakaketi nyuma kabisa. Valéry akapiga sonata moja, yaani muziki mrefu wa piano wenye sehemu kadhaa, ya karne ya kumi na tisa, ile ile ambayo Maxime na Karimu wameibishania tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Sehemu ya pili, ile ya taratibu, aliipiga taratibu mno, akiacha kimya kirefu kati ya sauti na sauti, mpaka mama mmoja wa mbele akadhani amesahau.

Ugomvi ulianzia mlangoni. Maxime alisema yule mtu ameiua sonata: mtunzi aliandika mwendo wa mtu anayetembea, si wa mtu aliyebeba jeneza. Karimu alisema muziki wenyewe umo ndani ya kile kimya, na asiyeusikia akapimwe masikio. Hadi hapo ni kawaida yao. Lakini kabla hawajafika Bwiza, Maxime akatamka kwamba mtu aliyejifunzia muziki kwenye redio mbovu za wateja asizungumzie mwendo. Karimu naye akajibu kwamba kwaya ya Maxime huimba kama watu walioacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ikauma. Kila mmoja akamuaga Libère tu, si mwenzake.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Na ile nyingine pia. Libère alitoa viti vitatu, akakalia kimoja, akavitazama viwili. Asikudanganye mtu, mzee aliogopa. Alikwishazika mke, alijua nyumba inavyonyamaza, na hakutaka kuijua mara ya pili.

Basi akatumia chombo pekee alichonacho: akawaita rasmi. Ukiitwa na mshingantahe usipoenda, umeudharau mtaa wote. Jumapili ya tatu wakaja, mashati yamepigwa pasi, Maxime ameshika karatasi zake za noti za muziki kwapani.

Utaratibu ukafuatwa. Mlalamikaji husema hadi amalize bila kukatizwa, kisha mwenzake. Tatizo likawa mlalamikaji ni nani. Maxime akasema ni mtunzi, maana ndiye aliyekosewa, na kwa kuwa amekufa, yeye Maxime anasimama mahali pake. Karimu akasema sawa, yeye atamsimamia Valéry, ambaye ameshapanda ndege. Libère akakubali. Kesi za marehemu ameshazisikiliza nyingi, hasa za viwanja.

Maxime akauimba wimbo wa sehemu ya pili huku akigonga meza. Karimu akauimba ule ule, akanyamaza katikati, akainua kidole, akangoja. Kuku akapita. Karimu akaendelea.

Walipomaliza wakamgeukia hakimu. Wote watatu walikuwa ukumbini, akasema Maxime. Mzee aseme aliisikiaje.

Libère angeweza kusema kila mmoja ana haki yake, wagawane. Kiwanja hugawanywa. Lakini fimbo ilikuwa mkononi, na kiapo ni kiapo, hata kama kingemfukuzia marafiki wote wawili.

"Mi sikuisikia," akasema. "Ile sehemu ya pili ilipoanza tu, nikalala. Nimeamshwa na makofi."

Maxime akapiga paja. Akasema hapo kesi imekwisha, ushahidi gani tena unatakiwa, mtu mzima na akili zake amepigwa usingizi na piano. Karimu akamtazama Libère.

"Ngoja kwanza, Maxime," akasema. "Dirisha yangu inaangalia yake. Tangu Mama Dévote ametuacha, taa ya huyu muzee haizimiki mpaka asubui. Mi namusikia anatembea humo ndani. Ule mutu wa piano ndiye amemulalisha."

Libère akainamisha kichwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, aliona haya. Maxime akamuuliza kama ni kweli, naye akasema ni kweli.

Maxime akasimama, akatoka bila kuaga. Libère akajua amempoteza, moyo ukamshuka. Karimu akabaki akitazama lango.

Baada ya kitambo Maxime akarudi, kinanda chake cha umeme begani na waya unaburuta. Akakilaza juu ya viti viwili. Karimu akauchukua waya, akaunganisha umeme.

"Huu si mwendo wa mtunzi," akasema Maxime, vidole tayari. "Mi ninapinga. Mujue kwamba ninapinga."

Akaanza ile sehemu ya pili. Kimya cha kwanza kilipofika alitaka kukiruka, Karimu akainua kidole, naye akangoja. Libère alijikaza asikilize safari hii, kwa heshima ya kesi. Hakufika mbali. Kidevu kikaanguka kifuani, fimbo ikamtoka, Karimu akaidaka kabla haijagonga saruji.

Maxime aliona. Sehemu ya pili ilikuwa inakaribia mwisho, na vidole vyake vikasita. Akamtazama Karimu.

"Usimalize," Karimu akanong'ona.

Maxime akarudi mwanzo, akaipiga polepole kuliko Valéry.